Mgongo wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu nilimjua kwa mgongo. Wengine huwajua wakwe zao kwa sura, kwa kicheko, kwa namna wanavyotafuna. Mimi nilipewa mgongo, visigino, ncha ya kilemba ikipotelea jikoni, na sauti iliyosema nami kupitia mtu wa tatu. Ndivyo mila ya kwao ilivyotaka. Yeye alikuwa mtu wa mto, wa wale waliokua na kafi mkononi kando ya Lualaba. Mimi ni fundi cherehani wa soko la Kasongo, wa familia za mjini, watu wa misikiti. Kwetu mama mkwe ni mama, unakaa naye na kula naye. Kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na njia ikiwa na kona kila mmoja hukohoa kabla ya kuikata. Baba yangu alinicheka siku ya posa. Alisema dini imenifungulia mlango ambao wakwe zangu wameufunga, basi nivumilie, heshima si utumwa.

Nilivumilia. Na nisiseme uongo, mwanzoni nilifurahi. Rafiki zangu walikuwa na akina mama wakwe wanaokaa sebuleni tangu asubuhi wakichungulia sufuria. Wangu akisikia tu kengele ya kinga yangu, ndivyo tunavyoita baiskeli huku, alikuwa ameshaingia ndani.

Heshima hii ina ufunguo wake. Siku mama mkwe akiamua, yeye mwenyewe wala si mtu mwingine, huchukua maji akamnawisha mkwe wake mikono. Akishakunawisha mmefunguliana, mnaweza kutazamana na kuongea kama watu. Wengine hufunguliwa mtoto wa kwanza akizaliwa. Kwetu alizaliwa wa kwanza, akaja wa pili, akaja wa tatu, na maji ya kunawa niliendelea kumiminiwa na mke wangu.

Siku moja ya soko tulikutana ana kwa ana, au karibu. Alikuwa ametoka kuuza samaki wake wa kukausha, akakata kona ya wauza mchele bila kukohoa, wakati mimi nimesimama mbele ya kibanda changu nikimpima mteja mabega. Nilimwacha mteja na futi shingoni, nikaingia chini ya meza kati ya vipande vya vitenge. Yeye aliruka nyuma ya magunia ya mchele. Soko zima likaelewa, likaanza kucheka, na kila mtu akawa na ushauri. Mwenye magunia, mama mmoja anayejua biashara, alimwambia kwamba nyuma ya gunia si mahali pa kukaa bure. Basi mama mkwe akanunua mchele ambao hakuwa na haja nao, akajitwika, akaondoka akiwa amenigeuzia mgongo wake ule ule. Jioni mchele huo uliletwa nyumbani kwangu na mtu wa pikipiki, pamoja na maneno: "Ambia ule wa cherehani, achunge kona yake."

Ule wa cherehani, ndilo lililokuwa jina langu kwake. La kweli hakulitamka hata mara moja, na sikutegemea.

Nilimshonea nguo miaka yote bila kumpima. Kazi yangu ni kutazama watu; mteja akivuka kizingiti najua kiuno chake kabla sijashika futi. Yeye peke yake nilimkata kwa kukisia, kwa kufuata libaya yake ya zamani, ile blauzi ambayo wanawake wetu huivaa juu ya kitenge. Ya kwanza niliishona kwa fahari, mikono ya kubana yenye mikunjo, mtindo wa wakati ule. Ilirudi kesho yake na ujumbe kwamba mikono inamfunga, ama ule wa cherehani anataka mto ummeze? Tangu hapo kwapa zake nilizikata pana, za mtu wa kuvuta kafi. Wazee husema macho hayana pazia. Yangu yalikuwa nalo, na kutoka nyuma ya pazia hilo nilijua kwa kitambaa tu jinsi alivyokuwa akipungua mwaka hadi mwaka.

Alikuwa mkali wa mila kuliko wazee wa mila, lakini ile iliyomkera aliipita tu. Kwenye mitumbwi ya kwao mwanaume ndiye hukaa nyuma na kuongoza. Mumewe alipofariki, alichukua kafi lake akaenda kukaa pale pale nyuma. Wanaume wa kivuko walinung'unika. Aliwajibu kwamba kafi halijui mwanaume wala mwanamke, linajua mkono, akaendelea kuvusha walimu, mbuzi, maharusi, na wachimba dhahabu waliotoka Salamabila wakirudi kwao ng'ambo na mifuko ambayo hawakukubali kuiweka chini. Wapiga kafi wengine huimba. Yeye hakuimba, alisimulia habari za watu. Ulipanda hujui kitu, ukashuka ng'ambo unajua nani kaachwa na kwa sababu gani, na habari ikiwa ndefu alipunguza mwendo.

Mbele za watu alinisema. Kwamba watu wa mjini hawajui kula samaki, kwamba tunatupa kichwa, kwamba mwanaume anayekaa kutwa akikanyaga mashine bila kufika popote ana nini cha kujivunia. Lakini kila alipopata samaki mkubwa, kichwa kilikuja kwangu kimefungwa ndani ya majani, na ole wa mjukuu atakayekigusa njiani. Mwaka niliougua homa mpaka nikawa sijitambui, alifunga mtumbwi wake akatembea hadi mjini. Hakuingia. Alikaa nje, chini ya dirisha la chumba nilicholala, kutwa nzima, siku baada ya siku, akimwamuru mke wangu anipe uji huu, anifute na maji yale. Mimi niliyekuwa ndani nilisikia kikohozi chake ukutani. Niliposikia kikohozi nilijua sijafa. Hilo sijawahi kulisahau, na tangu wakati ule kumwogopa na kumpenda vilikuwa kitu kimoja.

Kisha yakaanza mambo ya macho. Mke wangu ndiye aliyeona kwanza: mama yake alipapasa kikombe kilichokuwa mbele yake, akasalimia nguzo ya boma la mbuzi. Akiulizwa, alijibu kwamba macho ni yake na hayajamlalamikia. Mke wangu akaniuliza mimi ninaonaje. Ningeonaje, nami sijawahi kuyatazama? Lakini siku moja ililetwa libaya yake nyekundu nikate nyingine kwa mfano wake, nikaona ametia kifungo kilichong'oka kwa uzi wa kijani. Mwanamke yule alikuwa akirudisha nguo kwa sababu ya pindo lililopotoka kidogo. Nikaweka libaya mezani, sikushona tena siku ile.

Na bado alikuwa akivuka mto peke yake kila siku. Mke wangu alikonda kwa hofu. Mvua ikinyesha alisimama mlangoni akitazama upande wa Lualaba, kana kwamba angeweza kuona kitu kutoka pale. Tulikuwa tunangoja mtu atuletee habari, na kila pikipiki iliyosimama mbele ya nyumba ilitupasua moyo.

Tulimwomba ahamie kwetu. Alikataa. Kwa mwanawe wa kiume haikuwezekana, kijana alikuwa Salamabila kwenye dhahabu, akilala chini ya turubai. Kwa binti yake mwingine kule Wamaza alikataa pia, kwamba kule maji hayatoshi hata kunawa uso, na kwamba huko nako kuna mkwe. Kuhusu kuja kwetu alitoa sababu moja, na mke wangu alinirudia nayo neno kwa neno: "Mu nyumba ya mukwe nitapita wapi? Nitamukuta mu kolidori, na mumoja wetu atakufa na haya." Hapo mazungumzo yaliisha. Kumlazimisha mtu wa mto atoke mtoni ni sawa na kumvuta mbuzi kwa mkia.

Mambo yakiwa hivyo, watu wa kivuko wakaandaa sikukuu ya mto, ili familia za mjini zije na watoto wao kuona mambo ya maji. Tulienda sote. Chini ya maturubai walikuwa wamepanga makafi ya zamani, nyavu, ngoma ya kupelekea habari ng'ambo, na migono, ile mitego ya samaki inayosukwa kwa vijiti. Watoto walifundishwa kusuka migono midogo. Wengine walishindanisha mitumbwi ya vigogo vya migomba kwenye maji ya ukingoni, na akina baba walijaribu kurusha nyavu wakajinasa wenyewe. Mama mkwe alikuwa amepewa meza ya migono. Nilikaa mbali, nyuma ya ngoma, nikisikiliza. Alikuwa anashika mtego mmoja mmoja kwa vidole, halafu anasema ni wa samaki gani na nani aliusuka. Watu walipiga makofi wakidhani ni maonyesho. Mke wangu alinitazama, nami nikatazama chini.

Kulikuwa na ugomvi mdogo. Mtumbwi wake walikuwa wameuvuta nchi kavu, wakauwekea kibao kilichoandikwa: mtumbwi wa kale. Alipoambiwa kilichoandikwa aliuliza wa kale ni nani, mbona jana amevusha nao pikipiki. Aling'oa kibao akampa mjumbe wa komite ya sikukuu akishike, akaamuru mtumbwi urudishwe majini. Waliurudisha.

Shindano la mwisho lilikuwa la familia: baba, watoto na bibi katika mtumbwi mmoja, kuzunguka bidoni, dumu la manjano lililotiwa nanga katikati ya mto, na kurudi. Mama wenye watoto wachanga walikatazwa kupanda, na mke wangu alikuwa na wetu mgongoni. Kijana wa mikro, aliyeshika kipaza sauti, alikuwa mgeni, ametoka Kindu. Akasoma kwa sauti kubwa familia ya fundi cherehani: fundi mwenyewe, watoto wawili, na mama mkwe wake.

Ufuo mzima ukacheka kama soko siku ile ya mchele. Mtu akamvuta kijana shati akamnong'oneza, kijana akashika mdomo. Lakini watoto wangu walikuwa wameshavaa jile za kuelea na kuingia mtumbwini, na hawakutaka kushuka. Nilikuwa najiandaa kusema tunajitoa. Ndipo nikasikia nyuma yangu kikohozi kile, na sauti ikisema na binti yangu Zawadi.

"Ambia baba yako akae mbele kabisa. Mu pirogi kila mutu anaangalia mbele. Asigeuke tu."

Zawadi akanirudia maneno yale, ingawa niliyasikia vizuri. Nikapanda, nikakaa mbele, nikatazama maji. Mtumbwi ukalemea kidogo. Alikuwa ameingia nyuma. Kati yetu walikaa watoto.

Kwenda tulikwenda vizuri ajabu. Yule mama aliujua mto kwa nyayo, mtumbwi ulipoguswa na mkondo aliusikia kabla yangu. Tuliwapita watu. Lakini bidoni lile lilitiwa pale asubuhi ile, nyayo zake hazikulijua. Tukalifikia, tukalipita, tukaendelea kuelekea ng'ambo. Nikamwambia Zawadi amwambie bibi kwamba tumepita. Zawadi akamwambia, na mtumbwi ukageuka. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la mke wangu. Haoni. Hata kidogo haoni, nami nina watoto wawili ndani.

Tukarudi kwa mkondo, mbio. Na upande wa ufuo kulikuwa na kitu kingine kisichokuwepo siku zote: boti kubwa ya mbao, baleniera, iliyoleta wageni wa sikukuu. Ilikuwa imefungwa kwa kamba nene iliyokazwa kutoka puani hadi kwenye nguzo ya ufukoni. Tulikuwa tunaenda moja kwa moja ubavuni mwake. Nikamwita Zawadi, amwambie bibi kuume. Zawadi alikuwa anampungia mama yake mkono, anacheka, hakunisikia. Nikamwita tena. Mbao za baleniera nilikuwa naona misumari yake.

Sikugeuka. Hilo nalisema kwa sababu watu walibishana baadaye. Nilipiga kelele nikitazama mbele.

"Mama! Kuume! Sukuma, Mama, kuume!"

Miaka yote ile, lilikuwa neno langu la kwanza kwake lisilopita kwa mtu. Hakuuliza. Kafi likazama upande wa kushoto, mtumbwi ukalala, na pua yetu ikaiacha baleniera kwa kiasi cha kiganja. Nikasema tena, "Kamba, Mama, muiname," tukainama wote, kamba ikapita juu yetu ikanivua kofia. Niliiona ikielea zake kuelekea Kindu.

Tulifika wa mwisho, maana baada ya hapo hakuvuta tena. Aliuacha mtumbwi usukumwe na maji taratibu hadi ukingoni. Zawadi alikuwa anacheka kwa ajili ya kofia. Mimi nilijua nimevunja kitu, sikujua ni kikubwa kiasi gani. Halafu mama mkwe akaanza kuongea nyuma, na hakuongea na Zawadi wala nami. Aliongea na kafi lake.

"Weye kafi," alisema, "uliza ule wa cherehani. Nyumba yake iko na mulango ya nyuma?"

Nilitazama mbele. Ufuo ulikuwa umejaa watu na mke wangu alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, na mtoto mgongoni.

"Iko, Mama," nilisema.

"Chumba ya huko nyuma, nani analala?"

"Hakuna mutu. Kuna vitambaa tu. Nitavitoa leo."

Akachovya kafi mara moja. "Basi mie nitakaa nyuma," alisema. "Nyuma ndiyo mahali yangu."

Nilishuka nikamwambia mke wangu maneno hayo ya mwisho, naye akaketi pale pale kwenye mchanga akalia, na watu wakadhani ni kwa ajili ya kushindwa. Nami nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia begani. Usiku ule mke wangu alilala mpaka jua likatoka.

Alihamia na migono yake, kafi lake na mbuzi mmoja. Mtumbwi alimwachia jirani, kwa sharti kwamba asiuandike kitu. Alipita mlango wa nyuma, nami wa mbele. Nikishona, yeye alikaa upande wa pili wa ukuta akinisimulia habari za watu, nami nilisimamisha cherehani zilipokolea. Alilalamika kwamba mashine yangu inaenda mbio kama inakimbia mvua. Daktari wa macho anayepita hospitalini alisema jicho moja linaweza kupasuliwa safari yake ijayo, tunamngoja. Katika kuongea tulikuwa tumezoeana, ila uso bado, na kula bado. Sikuharakisha. Kuwa kwake salama nyuma ya ukuta wangu kulinitosha.

Kisha, mwaka huu, asubuhi moja mke wangu alikuwa sokoni na watoto shuleni. Bugali na sombe, ugali na majani ya muhogo, vilikuwa vimefunikwa mezani. Nilisikia kikohozi, nikainuka nitoke kama kawaida, lakini kikohozi hakikuishia kwenye kona. Alikuja kolidorini taratibu, bega likigusa ukuta, birika mkononi. Kolidori ile ile aliyosema mmoja wetu atakufa ndani yake. Nikabaki nimesimama, nikitazama miguu yake.

"Leta mikono," alisema.

Nikainyoosha. Akamimina, na maji yakaanguka pembeni ya mikono yangu kwa kiganja kizima, juu ya kiatu changu. Aliendelea kumimina kwa makini, akiamini yamefika. Nikasogeza mikono mpaka maji yalipokuwa, nikanawa.

Halafu nikanyanyua macho. Kumbe ilikuwa sura ya mke wangu, iliyokaa juani muda mrefu zaidi, na kovu dogo kidevuni ambalo hakuna mtu aliyewahi kunitajia. Macho yana wingu jeupe. Yalikuwa yanatazama kidogo kushoto kwangu.

"Unaniona?"

"Nakuona, Mama."

"Basi," alisema. "Mumoja akiona inatosha."

Akapapasa kiti, akavuta, akakaa. Akaniita kwa jina langu, akaniambia nifunue bugali kabla haijapoa, tukala sahani moja.